Kuteleza Si Kuanguka: Tuwaelewe Wanaojaribu Kuacha Pombe

Wahenga walinena kuwa kuteleza si kuanguka. Methali hii tumeirithi kwa mababu, tunawafunza watoto shuleni, na mtu akifilisika au akishindwa katika mtihani sisi ndio wa kwanza kumliwaza kwayo. Hata hivyo, yaelekea kuna mtu mmoja ambaye tumemnyima katakata faida ya hekima hiyo. Mtu huyo ni mlevi anayejaribu kuacha pombe. Yeye akiteleza, kwetu ameanguka. Na akianguka, kwetu amekufa.

Nina binamu yangu katika kijiji kimoja karibu na Kiriaini, mji mdogo ulio kwenye miinuko ya Mathioya, kando ya barabara itokayo Murang'a kwenda Othaya na Nyeri. Ni mkulima wa majani chai, kama walivyo wengi wa majirani zake. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mtumwa wa chupa. Kisha, Januari ya mwaka mmoja, alisimama kanisani akatangaza mbele ya waumini kuwa ameachana na pombe. Makofi yalipigwa, nyimbo zikaimbwa, mkewe akatokwa na machozi ya furaha. Kwa miezi tisa hakuonja hata tone. Aliezeka nyumba upya, akalipa karo ya mtoto wake wa pili, na kikundi cha akiba cha kijiji kikamchagua awe mweka hazina.

Oktoba ilipofika, bonasi ya majani chai ililipwa. Jioni moja majirani walimwona akitoka baa akipepesuka. Kabla ya jogoo kuwika, habari zilikuwa zimevuka mito miwili. Kufikia siku ya tatu, kikundi kilikuwa kimempokonya kitabu cha hesabu, kanisa lilikuwa limemwondoa katika kwaya, na vijana wa sokoni walikuwa wamemtungia jina la mzaha. Nami, niliyepata habari hizo kwa simu nikiwa Nairobi, nilitamka maneno mawili ambayo hadi leo yananichoma: "Nilijua tu."

Binamu yangu alikunywa kwa miaka miwili mfululizo baada ya jioni ile. Siku moja aliniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Alisema kuwa usiku ule aliporudi nyumbani alikuwa amekwisha kujuta, na alilala akiwa na nia ya kuamka na kuendelea pale alipoachia. Lakini ilipofika adhuhuri alitambua kuwa hapakuwa na mahali pa kurudi. Kitabu kilikuwa kimechukuliwa, macho ya watu yalikuwa yamegeuka, na mkewe alikuwa amekwisha kuitwa kwao. "Mlikuwa mmekwisha kunizika," alisema. "Maiti hana sababu ya kujizuia."

Tangu siku hiyo nimejiuliza kama sisi, jamaa na majirani wa walevi, tunaelewa hasa ni kitu gani tunachowadai. Tunamtaka mtu aliyekunywa kwa miaka kumi aamke Jumatatu akiwa mtu mpya, na abaki hivyo hadi kaburini. Tunadhani kuacha pombe ni kama kuvuka mlango: ama uko nje, ama uko ndani. Ukweli ni kwamba kuacha pombe ni safari, na safari ina vituo.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka wa 1983 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Prochaska na Carlo DiClemente, walichapisha utafiti juu ya wavutaji sigara waliokuwa wakijaribu kuacha kwa juhudi zao wenyewe. Walitaka kufahamu watu hao hufanyaje. Walichokiona ni kuwa kuacha si tendo moja bali ni mfululizo wa hatua, na kwamba lile limfaalo mtu katika hatua moja huenda lisimfae kabisa katika hatua nyingine. Tangu wakati huo fikra hiyo imetumiwa na washauri wengi duniani kuhusu pombe, dawa za kulevya, kamari na mazoea mengine yamtawalayo binadamu. Hebu tuziangalie hatua hizo kwa macho ya mtu wa Kiriaini.

Hatua ya kwanza ni ya mtu asiyeona kuwa ana tatizo. Huyu tunamfahamu sote. Ukimwuliza, atakuambia kuwa anakunywa pesa zake, si zako. Atasema kuwa tatizo si pombe, bali ni bei ya majani chai, au mke mwenye mdomo, au serikali. Si kwamba anasema uongo kila neno. Bei ya mazao imewavunja moyo wakulima wengi katika eneo hili, hasa tangu mkataba wa kimataifa wa kahawa uliposambaratika mwaka wa 1989 na mikahawa mingi ikaachwa bila kutunzwa. Lakini kwake sababu hizo zimekuwa pazia. Nyuma ya pazia kuna chupa, naye haioni.

Hatua ya pili ni ya kutafakari. Mtu ameanza kuona, lakini moyo wake una ndimi mbili. Asubuhi, kichwa kikimgonga na mtoto akiomba pesa za daftari, anaapa kuwa hatakunywa tena. Jioni, mguu unamwongoza kule kule. Tunamwita mnafiki. La hasha! Mtu huyu anapigana vita, na vita hivyo vyaweza kuendelea kwa miaka. Anapenda jambo moja na kulichukia kwa wakati ule ule, nasi tunaona upande mmoja tu.

Hatua ya tatu ni ya kujiandaa. Hapa dalili huwa ndogo, na mwenye haraka hazioni. Mtu anaanza kumkabidhi mkewe pesa za majani chai. Anabadili njia ya kurudi nyumbani ili asipite mbele ya baa aliyoizoea. Anamwuliza mwuguzi wa dispensari, kana kwamba anamwulizia rafiki, iwapo kuna dawa ya kupunguza kiu ya pombe. Anakunywa bado, ndiyo, lakini ameshaanza kufunga mizigo.

Hatua ya nne ni ya kutenda. Sasa ameacha kweli. Hii ndiyo hatua tunayoishangilia, na wengi wetu twadhani ndiyo pekee iliyopo. Kumbe miezi ya kwanza ndiyo migumu kuliko yote. Usingizi unapotea, hasira inakuwa karibu, na marafiki wa zamani wanamwona kama msaliti.

Hatua ya tano ni ya kudumisha, na kwa kawaida wataalamu huihesabu tangu mtu anapotimiza miezi sita bila kuirudia tabia yake. Makofi yamekoma. Hakuna tena anayemsifu kwa kutokunywa, maana watu wameshazoea. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Msiba mmoja, arusi moja, bonasi moja, na kidonda kinaweza kufunguka.

Na kuteleza je? Prochaska na wenzake walikiri kuwa wengi wa wale wanaojaribu kuacha hurudi nyuma angalau mara moja kabla ya kufaulu. Lakini waliongeza jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Walisema kuwa wengi wa wanaorudi nyuma hawarudi hadi mwanzo. Mwenye kuzijua barabara za miinuko yetu ataelewa haraka. Barabara ya kupanda mlima huzunguka. Msafiri hujikuta anatazama tena bonde lile lile alilolitazama robo saa iliyopita, akadhani amerudi alikotoka. Lakini akichungulia chini ataona kuwa amepanda. Binamu yangu, usiku ule wa bonasi, hakuwa mtu yule yule wa miaka kumi iliyotangulia. Alikuwa mtu aliyekwisha kujua kuwa anaweza kukaa miezi tisa bila pombe. Elimu hiyo ilikuwa mali yake. Sisi ndio tuliomshawishi kuwa haikuwa na thamani.

Sasa tujiulize: mbona msaada wetu mwingi haufui dafu? Jibu langu ni kuwa mara nyingi tunatoa dawa ya hatua moja kwa mgonjwa wa hatua nyingine. Yule asiyeona tatizo tunambeba mzobemzobe hadi kituo cha kurekebishia tabia, tunalipa fedha tulizozichanga kwa harambee, naye anakaa miezi mitatu akihesabu siku za kutoka. Jioni aliyotoka anakunywa, nasi tunalia kuwa pesa zimepotea. Yule anayetafakari tunamkaripia. Yule anayejiandaa, ambaye angehitaji tu kuambiwa aende wapi na amwone nani, tunamhubiria dhambi ya ulevi, jambo analolijua kuliko mhubiri. Na yule aliyekwisha kuacha, ambaye sasa anahitaji kazi, rafiki na mahali pa kukaa jioni, tunampa mkono wa heri na kumwacha peke yake.

Kuhusu makaripio, kuna ushahidi ambao wazee wa koo na viongozi wa dini wafaa kuutafakari. Mwaka wa 1993 mwanasaikolojia William Miller na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya walevi waliopewa ushauri kwa mitindo mbalimbali. Waliona kuwa kadiri mshauri alivyozidi kumkabili mlevi kwa ukali, ndivyo mlevi huyo alivyokuwa anakunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Jambo hili halishangazi. Mtu mwenye moyo wenye ndimi mbili, ukiushika upande mmoja kwa nguvu, yeye atautetea ule wa pili. Ukimwambia "Acha!", atakupa sababu kumi za kutoacha, na kwa kuzitamka atazidi kuziamini. Afadhali umwulize: "Wewe mwenyewe waona pombe imekuchukulia nini?" Kisha unyamaze umsikilize. Kunyamaza huko ni kazi ngumu, lakini huzaa matunda.

Serikali nayo haijaepuka kosa hili. Hakuna asiyejua madhara ya pombe haramu katika nchi hii. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014, wengine zaidi ya 60 waliangamia katika Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Februari 2024, msiba ukabisha hodi Kirinyaga, jirani zetu, ambako zaidi ya watu 10 walikufa na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Na uchungu ulizidi serikali ilipoeleza kuwa pombe hiyo iliibwa kutoka kituo cha polisi ilikokuwa imehifadhiwa kama ushahidi. Baada ya kila msiba amri hutolewa. Ilikuwapo sheria ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, iliyoweka saa za kufungua baa. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe hatari iangamizwe katika eneo la Kati, na kwa siku kadhaa maghala yalivamiwa na mitungi ikamwagwa. Machi 2024 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, alitangaza hatua 25 za kukabiliana na janga hilo. Mwaka wa 2025 sera mpya ya taifa ilipendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21.

Sisemi kuwa amri hizo ni bure. Sumu lazima imwagwe. Pombe ikiwa ghali na ikiwa mbali, wanywaji hupungua, na vijana wengi hawaanzi kabisa. Mababu zetu walilijua hilo. Pombe ya muratina ilikuwa ya wazee na ya shughuli maalumu, na kijana hakuwa na ruhusa ya kukaa penye kibuyu. Lakini kumwaga mitungi ni jambo moja, na kumponya aliyekuwa akikunywa kutoka mitungi hiyo ni jambo jingine. Amri ya siku moja humchukulia kila mlevi kana kwamba yuko katika hatua ya nne. Wakati wa misako ile ya 2015, ni wangapi waliojiuliza wanywaji wa kila siku wangeamkaje kesho yake?

Swali hilo si la huruma tu, ni la uhai na mauti. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka, akikatiwa ghafla, huweza kuanza kutetemeka na kutokwa na jasho katika saa chache. Ndani ya siku mbili za kwanza huweza kupatwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa akili, huona vitu visivyokuwapo, homa hupanda na moyo hwenda mbio; na asipotibiwa, mtu huyo aweza kufa. Tiba ipo, nayo si ya ajabu: dawa za kutuliza zinazotolewa na daktari kwa kipimo, vitamini B1, maji na uangalizi wa siku chache. Wengine huhitaji kulazwa. Lakini ni familia ngapi vijijini zijuazo haya? Ni wangapi waliofungiwa chumbani "ili pombe imtoke," au kutupwa katika seli ya polisi, watu wakadhani kutetemeka kwake ni maigizo au mapepo? Kila chifu na kila mhubiri anayewahimiza watu kuacha pombe siku moja anapaswa kwanza kujua jambo hili.

Najua msomaji ana pingamizi, na si haki nizikwepe.

Pingamizi ya kwanza ni ya waliookoka. Watasema: mbona fulani aliacha siku moja tu, akapiga magoti na kusimama akiwa mtu mwingine, na huu ni mwaka wake wa thelathini? Ni kweli. Katika milima hii kila kijiji kina mashahidi wa namna hiyo, na mimi siwezi kuwapinga kwa maneno ya vitabuni. Wala wanasayansi hawakubaliani wote. Mwaka wa 2005 Robert West, mtaalamu wa Uingereza, aliandika kuwa nadharia hii ya hatua ina kasoro kubwa na ingefaa iwekwe kando, kwa kuwa mipaka kati ya hatua imechorwa kiholela. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake walionyesha kuwa karibu nusu ya majaribio ya kuacha sigara waliyoyachunguza hayakuwa yamepangwa hata kidogo, na kwamba majaribio hayo ya ghafla yalielekea kudumu zaidi kuliko yale yaliyopangwa.

Basi nikiri wazi: hatua hizi si reli ambayo kila gari lazima lipite. Ni ramani, na ramani si nchi yenyewe. Kuna anayeruka vituo viwili kwa siku moja. Lakini hata huyo aliyeokoka kwa siku moja, mwulize vizuri. Mara nyingi atakusimulia usiku mwingi wa kujichukia uliotangulia siku ile. Na baada yake, atakusimulia ndugu waliomjia kila jioni kuomba naye, waliomtembelea alipokosa kufika ibadani, waliomwungama naye akawaungama. Wokovu wake ulikuwa wa siku moja, lakini alilelewa kwa miaka. Chama cha walevi waliotubu kilichoanzishwa Marekani mwaka wa 1935, ambacho leo kina vikundi hata hapa Kenya, nacho kimejengwa juu ya msingi huo huo: mtu haachi mara moja kwa maisha yote, anaacha leo, na kesho anakutana na wenzake ili aache tena.

Pingamizi ya pili ni kali zaidi. Je, maneno haya si kuwapa walevi visingizio? Mtu atateleza kila mwisho wa mwezi na kusema yuko safarini! Nalijibu hivi: kumwelewa mtu si kumwachia huru. Aliyeiba pesa za kikundi azilipe. Aliyempiga mkewe afikishwe mahakamani, na mke huyo hana deni la kukaa katika nyumba yenye hatari akisubiri mume apande kutoka hatua ya pili hadi ya tatu. Wake wa eneo hili wamevumilia mengi. Wamelima, wamechuma majani chai, wamelipa karo, na wameandamana hadi kwenye ofisi za wakuu wakilia kuwa pombe imewanyang'anya waume na wana. Sitawaambia wavumilie zaidi. Ninachosema ni kuwa adhabu ya kosa na mlango wa kurudi ni vitu viwili tofauti. Kikundi kilikuwa na haki ya kuweka kitabu cha hesabu mikononi mwa mtu mwingine kwa muda. Hakikuwa na haja ya kumwambia binamu yangu asihudhurie mkutano tena.

Tufanyeje basi? Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwanza, tujifunze kuuliza kabla ya kutibu. Familia ikitaka kuchanga pesa za kumpeleka mwana wao kwenye kituo cha kurekebishia tabia, na iulize kwanza: yeye mwenyewe yuko wapi? Kama hajaona tatizo, pesa hizo zingojee, na badala yake atafutwe mtu anayemheshimu wa kuzungumza naye kwa upole, mara moja, mara ya pili, mara ya tano.

Pili, dispensari na vituo vya afya vya mashinani viwe na mwuguzi ajuaye kutambua hatari za kuacha ghafla, na ajue ampeleke mgonjwa hospitali gani. Ulevi uliokithiri ni ugonjwa unaotibika. Usiachiwe chifu na askari peke yao. NACADA, ambayo sheria ya 2012 iliipa hadhi ya mamlaka ya taifa, pamoja na serikali za kaunti, zikumbuke hilo zinapogawa fedha.

Tatu, tuzijue siku za hatari. Katika eneo la chai, msimu wa bonasi ni sawa na mafuriko. Unajulikana utakuja lini. Kwa nini makanisa na vikundi vijiandae kwa Krismasi na visijiandae kwa bonasi? Mtu aliyeacha pombe asiachwe apite sokoni peke yake siku hiyo akiwa na pesa mfukoni. Rafiki mmoja wa kuandamana naye, na mpango uliokubaliwa mapema wa matumizi ya pesa hizo, vyaweza kumwokoa.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuwe na desturi ya kumpokea anayerudi. Mtu akiteleza, aendewe asubuhi ile ile, kabla ya aibu kumkaa mwilini. Asiulizwe "Kwa nini umetuaibisha?" bali aulizwe "Ni nini kilichokuteleza, na tufanyeje kisikuteleze tena?" Wakikuyu husema kuwa kikundi kidogo kikishirikiana huinua kinu. Kinu cha ulevi ni kizito. Mtu mmoja akikiinua peke yake kitamwangukia mguuni.

Namaliza kwa kumrudia binamu yangu. Aliacha tena, akateleza tena, akaacha. Safari hii hakutangaza kanisani. Ana wenzake wanne wanaokutana kila Jumatano jioni nyuma ya duka la mmoja wao, saa ile ambayo zamani wangekuwa baa, wakinywa chai ya maziwa na kuzungumza. Oktoba iliyopita nilipanda matatu hadi Kiriaini siku ya bonasi ili niwe naye. Hatukuzungumza sana. Tulinunua mbolea, tukamlipia mtoto karo, tukarudi nyumbani kwa njia ndefu isiyopita sokoni. Alipofika mlangoni aliniambia: "Leo nimevuka." Sikumwuliza kuhusu kesho.

Sijui kama atateleza tena, wala yeye hajui. Lakini iwapo habari hizo zitanifikia kwa simu siku moja, maneno yale mawili hayatatoka kinywani mwangu. Nitamwuliza yuko wapi, kisha nitapanda matatu. Msomaji, nawe pengine una ndugu, mume, dada au mwana aliye katika safari hii, na pengine wiki hii umeambiwa kuwa ameonekana akipepesuka. Kabla ya kusema kuwa ulijua tu, mwendee. Huenda bado amesimama mlangoni akingoja kuona kama tutafunga.